Askari Aliyejificha Kando ya Barabara: Je, Ni Haki?

Mkulima wa Matulo hukaa karibu na njia panda kubwa. Pale Webuye barabara mbili za lami hukutana: moja yatoka Eldoret kwenda Bungoma na Malaba, na nyingine yatoka Kakamega kwenda Kitale. Mahindi, miwa, maziwa, ndizi na watoto wa shule hupita humo kila siku. Basi si ajabu kwamba mtu akija katika ofisi ya kilimo kuuliza habari za mbolea, mazungumzo huishia mara nyingi kwa askari wa trafiki.

Lalamiko lenyewe lajulikana. Lori limekodishwa kupeleka magunia ya mahindi ghalani. Dereva anashuka mteremko, barabara ni nyeupe, hakuna mtu mbele. Baada ya kona askari anatoka katika mahindi ya watu, au nyuma ya mti, anainua mkono. Dereva anaonyeshwa kimashine chenye tarakimu 64, naye anaambiwa ya kuwa mahali hapo mwisho wa mwendo ni 50. Faini itatoka kwa nani? Wenye malori wengi hupatana mapema kwamba mambo ya njiani ni juu ya mwenye mzigo. Kwa hiyo aliyelima, akapalilia mara mbili na kuvuna, ndiye anayelipa, naye hakushika usukani hata dakika moja.

Watu huuliza kwa hasira: Je, sheria yamruhusu askari kujificha? Na kama yamruhusu, hiyo ni haki? Haya ni maswali mawili wala si moja. Tuyachukue mbalimbali.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilianza kutumika mwaka 1954, nayo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Habari za mwendo zimo katika kifungu cha 42. Kifungu hicho chakataza mtu kuendesha gari kwa mwendo unaozidi kilomita 50 kwa saa katika barabara iliyomo ndani ya mipaka ya kituo cha biashara au mji. Nje ya mahali hapo magari ya abiria na malori mazito hayaruhusiwi kupita kilomita 80. Kifungu hakisemi kwamba askari lazima asimame mahali anapoonekana, wala kwamba kamera ipakwe rangi ya kung'aa. Anayelinda shamba la mahindi usiku hapigi ngoma ili mwizi ajue yuko upande gani, na askari naye hakulazimishwa kupiga ngoma. Kwa hiyo dereva akimwambia hakimu, "Bwana, askari alikuwa amejificha," hakimu atamsikiliza kwa adabu, lakini neno hilo peke yake halitamwokoa.

Lakini msomaji asiishie hapo, maana kifungu hicho hicho kina sharti ambalo wengi hawalijui. Palipowekwa mpaka wa kilomita 50, wenye mamlaka ya barabara wametakiwa kusimamisha alama na kuzitunza, ili dereva anayeingia na anayetoka aone waziwazi mpaka waanza wapi na waishia wapi. Neno la kutunza ndilo zito. Haitoshi kwamba kibao kilisimamishwa mwaka fulani na mkandarasi akalipwa. Kama kimeng'olewa, au kimegongwa kikalala mtaroni, au kimefunikwa na majani, dereva mgeni atajuaje? Mimi nasema hivi: sheria haikukataza kumficha askari, bali haikuruhusu kukificha kibao. Anayeshtakiwa mahali pasipo na kibao ana neno la kweli la kumwambia hakimu, na lafaa kusemwa kwa utaratibu, pamoja na picha na tarehe, si kwa kelele kando ya barabara.

Kuna jambo la pili katika kifungu hicho ambalo lamhusu mwenye gari. Sheria haimshiki dereva peke yake. Yeye aliyesababisha au aliyeruhusu gari lake liendeshwe kwa mwendo uliokatazwa aweza kushtakiwa pia. Mkulima mwenye pikapu yake, anayempigia dereva simu kila dakika tano na kumwambia "Kimbia, ghala linafungwa," na afikiri sana kabla ya kupiga simu ya sita.

Kifungu cha 43 chaongeza jambo la haki. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa kupita mwendo kwa ushahidi wa shahidi mmoja tu anayesema kwamba kwa maoni yake gari lilikuwa likienda mbio. Jicho la mtu hudanganyika. Lori lenye kelele huonekana kama linakimbia, na gari jipya lisilo na kelele huonekana kama latembea. Ndiyo sababu askari hutumia mashine.

MASHINE YENYEWE

Mashine za kupima mwendo ziko za namna mbili hasa. Ya zamani zaidi ni rada. Hii hutuma mawimbi, nayo yakigonga gari linalokuja hurudi yakiwa yamebanwa kidogo, kama vile honi ya basi linalokujia inavyolia kwa sauti nyembamba na kuwa nzito likishakupita. Mashine hupima tofauti hiyo, ikapata mwendo. Wimbi la rada hutanuka linapokwenda mbali, kwa hiyo magari mawili yakija karibu pamoja ni lazima askari awe mwangalifu sana kujua ni lipi lililopimwa. Ya pili hutumia mwali mwembamba wa leza. Hutuma mwanga mara nyingi kwa nukta moja, huhesabu muda wa kwenda na kurudi, ikajua gari limesogea kiasi gani. Hii huweza kulenga gari moja kati ya mengi, na nyingine hupiga picha pia.

Mizani ya kupimia mahindi hukaguliwa, na mkulima hakubali mizani isiyokaguliwa. Mashine ya mwendo nayo ni mizani. Anayeshtakiwa ana haki kuuliza: ilikaguliwa lini, na nani, na aliyeishika alifundishwa? Tena picha au maandishi yaliyotoka katika mashine yakiletwa kortini kuwa ushahidi, Sheria ya Ushahidi katika kifungu cha 106B yataka cheti kutoka kwa mtu mwenye dhamana ya chombo hicho. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, yampa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na kuelezwa mapema ushahidi utakaoletwa juu yake. Haki hizi ni za dereva wa bodaboda sawasawa na za mwenye gari kubwa.

Faini za makosa madogo zilipangwa kwa kanuni za mwaka 2016. Aliyezidisha kilomita 1 hadi 5 huonywa tu. Kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500. Kilomita 11 hadi 15 ni shilingi 3,000. Kilomita 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Zaidi ya hapo jambo ni la hakimu, naye aweza kufika shilingi 100,000. Yule dereva wetu wa 64 amezidisha kilomita 14, basi deni lake ni shilingi 3,000. Kama angalikuwa na 69, ingalikuwa 10,000, ambayo ni thamani ya magunia kadhaa ya mahindi. Tena Katiba, kifungu cha 49, yakataza mtu kuwekwa rumande kwa sababu ya kosa ambalo adhabu yake ni faini tu. Nimeyaandika haya kwa tarakimu kwa sababu mtu asiyejua kiasi cha faini hutishwa na kiasi chochote atakachotajiwa.

WAINGEREZA WALIGOMBANA JUU YA JAMBO HILI ZAMANI

Ugomvi huu si mpya. Mwaka 1903 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoweka mwisho wa mwendo wa motokaa kuwa maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Askari walipima urefu fulani wa barabara, wakajificha nyuma ya ua wa miti wakiwa na saa mkononi, wakahesabu gari limetumia nukta ngapi kutoka mwanzo hadi mwisho. Wenye motokaa walikasirika kabisa. Mwaka 1905 waliunda chama chao, nacho kikaajiri watu wa baiskeli wa kuzunguka barabarani na kuwaonya madereva kwamba mbele kuna mtego.

Jambo lilifika kortini. Mwaka 1907 mahakama ilimwachilia mmoja wa waonyaji, kwa kuwa haikuthibitika kwamba magari aliyoyaonya yalikuwa yakivunja sheria. Lakini mwaka 1910, katika kesi nyingine, ilithibitishwa kwamba magari yalikuwa tayari yamepita mwendo, na yule aliyeyaonya akaonekana amemzuia askari katika kazi yake. Basi wale watu wa baiskeli wakabadili mbinu. Kwa kawaida walimpigia saluti kila mwanachama aliyepita. Sasa mwanachama aliambiwa: usipopigiwa saluti, simama uulize kwa nini. Nani atamshtaki mtu kwa kutopiga saluti?

Madereva wetu wa njia ya Malaba, wanaowashiana taa mchana ili kuonyana, wakumbuke kesi ile ya 1910. Kesi ya Kiingereza si sheria yetu, lakini hoja zake ni za kufikiriwa. Tena huwezi kujua umemwonya nani. Labda aliyepunguza mwendo kwa taa zako ni mlevi, au mwizi wa ng'ombe.

Kamera yenyewe ina hadithi ya kuchekesha. Mholanzi mmoja, Maurice Gatsonides, alikuwa bingwa wa mashindano ya magari, naye alishinda yale ya Monte Carlo mwaka 1953, mwaka uo huo ambao mashindano ya Safari yalianza huku Afrika ya Mashariki. Alibuni chombo cha kupima mwendo wake mwenyewe katika kona, ili apate kukimbia zaidi. Chombo hicho ndicho kilichozaa kamera zilizowakamata wakimbiaji duniani kote. Uingereza ilianza kuzitumia barabarani mwaka 1992. Mwanzoni nyingi zilikuwa za rangi ya kijivu na hazikuonekana kwa urahisi, watu wakanung'unika kwamba serikali inatafuta fedha, na mwaka 2001 ikaamuliwa zipakwe rangi ya manjano. Hata hivyo mtu aliyepigwa picha na kamera isiyoonekana hakuachiliwa kwa sababu hiyo. Rangi ya manjano ilikuwa ni kuutafuta moyo wa raia, haikuwa sharti la ushahidi.

JE, NI HAKI?

Hapa ndipo penye mabishano ya kweli, na watu wenye akili hawakubaliani.

Anayetetea kujificha husema hivi: Weka askari waziwazi, na madereva watapunguza mwendo hapo tu, kisha mita mia mbili mbele watakanyaga mafuta kufidia muda. Lakini wakijua kwamba askari aweza kuwa popote, watajizuia kila mahali. Hoja hiyo ina nguvu, na yeyote aliyekaa kando ya barabara ya Kitale ameona jinsi matatu inavyotambaa mbele ya askari na kuruka ikishamwacha.

Anayepinga husema: Kazi ya askari ni kuzuia ajali. Ajali ya leo haizuiwi na faini ya kesho. Kama mbele ya shule ni mahali pa hatari, askari asimame pale mbele ya shule, avae koti lake la kung'aa, magari yapunguze mwendo wakati watoto wanavuka. Akijificha katika mteremko usio na nyumba, akaacha njia ya watoto, watu watasema kwamba hatafuti usalama bali anatafuta wa kumtoza. Na hoja hii nayo ina nguvu.

Maoni yangu ni kwamba mahali ni muhimu kuliko kujificha. Kamera iliyofichwa karibu na soko, shule au kivuko siilaumu hata kidogo. Hebu tufanye hesabu ambayo mtoto wa darasa la juu aweza kuifanya. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila nukta. Dereva mwangalifu hutumia kama nukta moja kuona hatari na kukanyaga breki. Kwenye lami kavu na breki nzuri, gari dogo litahitaji mita nyingine 14 kusimama, jumla mita 28. Sasa likiwa na mwendo wa 80, hupita mita 22 kabla breki haijakanyagwa, na kusimama kabisa lahitaji jumla ya mita 57 au zaidi. Mtoto akitokea mita 28 mbele, gari la kwanza limesimama mbele yake. La pili linapomfikia bado lina mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Hilo ni gari dogo lenye breki nzuri. Lori lenye magunia 100 ya mahindi, yaani tani tisa, matairi yamelika na mvua inanyesha, sitalifanyia hesabu.

Mwaka 2024 watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya kwa hesabu za NTSA, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watu waendao kwa miguu. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani katika Kaunti ya Kericho, lori lenye kontena lilipoteza mwelekeo likaparamia matatu na watu waliokuwa wakiuza kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Wauzaji wale walikuwa watu wa namna yetu, wenye mazao kidogo na meza ya mbao. Anayesema kwamba mwendo ni jambo la wenye magari tu na ahesabu ni akina mama wangapi wa Matulo huuza ndizi na nyanya hatua tatu kutoka kwenye lami.

Lakini kamera mteremkoni, mahali ambapo kibao hakipo na nyumba hazipo, siwezi kuitetea. Wala siwezi kuutetea mtindo wa mazungumzo ya chini kwa chini ambayo huanza baada ya tarakimu kuonyeshwa. Hapo ndipo askari aliyejificha anapoharibiwa jina hata kama yeye ni mwaminifu, kwa kuwa kilichofanyika gizani hakina shahidi. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika anayepokea na anayetoa. Mkulima anayempa dereva shilingi mia tano za "njiani" kabla lori halijaondoka amekwisha kuingia katika shauri hilo.

Jirani zetu wa Uganda walijaribu njia nyingine. Walifunga kamera, na ujumbe wa faini ukawa unakwenda katika simu ya mwenye gari, bila mazungumzo na askari. Kwa hongo hiyo ni dawa nzuri. Lakini mwezi wa Juni 2025 makelele yalikuwa makubwa: faini zilikuwa nzito, na mahali pengine mwendo ulikuwa umeshushwa hadi kilomita 30 na madereva wakasema hawakuona kibao. Serikali yao ikausimamisha mpango huo mwezi uo huo. Waona, msomaji, kwamba hata palipokuwa hakuna askari katika mahindi, neno lilirudi pale pale, kwenye kibao.

Namna nyingine ambayo naipenda zaidi ni ya kamera mbili. Ya kwanza huandika saa gari lilipoingia, ya pili huandika saa lilipotoka. Kama kati yao pana kilomita 10, gari la kilomita 80 lahitaji dakika saba na nusu. Lililofika kwa dakika tano limekimbia 120, na hapana cha kubishana. Hapo kutambaa mbele ya kamera na kuruka baadaye hakumfai dereva.

VIBAO VYETU NA MASHAMBA YETU

Sasa neno kwa wakulima wenyewe, ambalo halitawafurahisha wote. Vibao vingi havikupotea kwa upepo. Vimeng'olewa usiku vikauzwa kwa uzani kama chuma kikuukuu, na wanunuzi wanajulikana vijijini. Vingine vimesimama vizuri lakini havionekani, kwa kuwa mtu amepanda mahindi au mabingobingo katika akiba ya barabara, akidhani ardhi ile ni ya bure. Ardhi ile ni ya barabara. Mwezi wa Julai mahindi yakifika juu ya kichwa, hufunika kibao, humfunika mtoto anayetaka kuvuka, na humfunika pia askari tunayemlalamikia. Wengine wetu tumemlimia maficho yake.

Trekta za miwa zina shauri lake. Trela isiyo na taa wala vioo vyekundu nyuma, saa moja ya jioni, ni hatari kuliko gari linalokimbia, wala hapana kamera inayoipiga picha.

Panapokosekana kibao, yafaa wenyeji waandike barua kwa ofisi ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, wakitaja barabara, upande, na alama iliyo karibu kama shule au daraja, kisha wabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua ya namna hiyo ina kazi mbili: huleta kibao, na kama hakikuletwa, humfaa dereva mbele ya hakimu. Aliyeonewa na askari hupeleka habari kwa IPOA, akiandika tarehe, saa, mahali na namba ya gari la polisi ikiwa ameiona. Palipo na haja ya matuta mbele ya shule, kamati ya wazazi na chifu waombe pamoja, maana ombi la mtu mmoja hukaa sana katika faili.

Na anayekodi lori msimu huu, aandikiane na mwenye gari kabla mzigo haujapakiwa: faini ya mwendo ni juu ya dereva, na faini ya kupakia kupita kiasi ni juu ya aliyeagiza kupakia. Karatasi moja yatosha, pamoja na sahihi mbili na jina la shahidi.